Yusuf wa Riwaya na Yusuf wa Vitabu: Juu ya Kufundisha Hadithi ya Kukua kwa Kijana

Katika shule zetu za sekondari desturi imekuwa ya namna moja kwa muda mrefu. Mwanafunzi hupewa kitabu cha hadithi cha Kiingereza, naye kabla hajafika nusu yake hufundishwa kukikatakata: hapa wahusika, pale mandhari, hapa dhamira, pale muundo na mtindo, kama mchuuzi akatavyo nguru juu ya ubao wake sokoni. Vipande hivyo huandikwa katika daftari, huhifadhiwa kwa moyo, na siku ya mtihani hutolewa kama vilivyoingia. Hatusemi haya kwa kuwalaumu walimu wenzetu, kwa maana sisi wenyewe tumefundisha hivyo miaka mingi, na wanafunzi wetu wakafaulu. Lakini hapa Msuka, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, tumesoma pamoja na vijana wa kidato cha tatu riwaya moja ambayo haikukubali kukatwa hivyo, na ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Riwaya hiyo ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mtu aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza angali kijana katika miaka iliyofuata mapinduzi ya 1964. Kitabu kilipigwa chapa mwaka 1994, kikawa miongoni mwa vilivyoteuliwa kushindania tuzo ya Booker mwaka ule ule. Na mwaka 2021 mwandishi alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Mwaka 2022 kilitoka kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, chapa ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Hatukukisoma kwa ajili ya mtihani. Tulikisoma alasiri, nje ya ratiba, nakala nne za Kiingereza na mbili za Kiswahili kwa watu kumi na wanane.

Habari yake kwa kifupi ni hii. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili, akaa na wazazi wake katika mji mdogo uitwao Kawa, bara ya Tanganyika, zamani za utawala wa Wadachi. Mji huo ulisitawi wakati wa kujengwa reli, na reli ilipopita ukafifia. Baba yake ana hoteli ndogo isiyo na wageni wengi. Kila mara hupita mfanyabiashara tajiri, mwenye kunukia manukato, ambaye mtoto amefunzwa kumwita kwa jina la undugu, naye akiondoka humpa sarafu. Siku moja huambiwa kwamba atasafiri pamoja naye kwa gari la moshi mpaka pwani. Huko dukani hukutana na kijana mwingine, Khalil, ambaye humwambia bila kuzungusha kwamba tajiri huyo si ndugu yake hata kidogo: baba ana deni, na mtoto ndiye rehani. Tangu hapo Yusuf huishi katika duka, kisha huachwa bara kwa mfanyabiashara mwingine aitwaye Hamid, kisha huchukuliwa katika msafara mkubwa hata ng'ambo ya ziwa Tanganyika, kisha hurudi pwani na kuingia katika nyumba ya tajiri, penye bustani nzuri na penye hatari. Mwisho wake tutausema mahali pake.

Hadithi za namna hii, zimfuatazo kijana tangu ujinga wa utoto hata kuujua ulimwengu, wataalamu wa Kidachi walizipa jina lake maalumu, na mfano wao mashuhuri ni Wilhelm Meister ya Goethe, iliyotoka mwaka 1795 na 1796. Walimu wetu huziita riwaya za makuzi. Katika vitabu vya Ulaya kijana huyo kwa kawaida huondoka nyumbani kwa hiari yake, hukosea, huonywa, hupata walimu, na mwisho hukaa mahali pake katika jamaa ya watu. Mwalimu akiingia darasani na kipimo hicho peke yake, ataona kwamba Yusuf hatoshi. Hakuondoka kwa hiari. Walimu aliowapata hawakupatana. Na mahali pake hatupaoni.

Nasi watu wa pwani tuna vipimo vyetu vya kukua. Mtoto huingia chuoni, husoma, hukhitimu, hufunga Ramadhani kwa mara ya kwanza akasifiwa, hupata kazi ya mkono au chombo, huoa. Twawasihi walimu wamtafutie mwanafunzi mambo haya katika kitabu kabla ya kumpa maneno ya kitaalamu, maana mwandishi ameyaweka yote, na karibu yote ameyavunja. Siku ya kuondoka Kawa Yusuf hufungiwa furushi, na ndani yake mna kanzu ya Idi iliyopita, na msahafu, na tasbihi ya mamaye. Mwanafunzi mzembe hupita juu ya furushi hili kama orodha ya nguo tu. Lakini miaka michache baadaye, katika nyumba ya Hamid, mwezi wa Ramadhani, hugunduliwa kwamba Yusuf hawezi kuusoma msahafu. Hamid na mkewe Maimuna hushangaa na kuona aibu kwa ajili yake, na kijana mrefu, aliyekwisha kuota ndevu, hupelekwa chuoni kukaa mkekani pamoja na watoto wadogo. Kumbe alichukua kitabu safari nzima asichoweza kukisoma, wala hakuna mtu mzima aliyejishughulisha kumwuliza. Tulipofika hapo darasa lilinyamaza, nasi hatukuwa na haja ya kuuliza "dhamira" ni nini.

Yafaa sasa tuseme juu ya neno moja dogo. Kiingereza kina jina moja tu la ami na la mjomba. Basi Yusuf katika kitabu cha asili amwita tajiri Aziz kwa jina hilo lisilo upande. Tuliwataka vijana walitafsiri kabla ya kuifungua ile nakala ya Kiswahili. Mmoja akasema ni ami, kwa kuwa ami ana haki ya baba, aweza kumchukua mtoto wa nduguye nyumbani bila mtu kuuliza. Binti mmoja akakataa: ni mjomba, maana ndiye atazamiwaye na watoto kwa zawadi, na sarafu ile ni ya mjomba. Wakabishana karibu saa nzima, na ubishi wao ulikuwa mzuri kuliko somo lolote tulilopata kuliandaa, kwa sababu mwisho waligundua wenyewe ya kwamba Aziz ametwaa haki ya ami na upole wa mjomba pamoja, naye si huyu wala yule. Khalil ndiye aijuaye lugha ya kweli ya nyumba ile. Kila Yusuf atajapo undugu, Khalil humfinya na kumrudi: sema Seyyid.

Na hilo neno rehani nalo lina historia yake visiwani. Wazee wa Pemba hawahitaji kufafanuliwa rehani. Mashamba mengi ya mikarafuu yaliwekwa rehani kwa wenye kukopesha fedha, hata mwaka 1934 serikali ya Zanzibar ikatunga sheria ya kuzuia ardhi isipotee kwa madeni. Lakini rehani ya mashamba ni rehani ya miti. Kitabu hiki chasema juu ya rehani ya mtu, nayo ni kitu cha katikati: Yusuf si mtumwa, maana hakununuliwa, wala si huru, maana hawezi kuondoka. Mwalimu asiyeeleza jambo hili vema atawafanya wanafunzi waseme "utumwa" kwa haraka, na kitabu kitapoteza ncha yake. Tena yapasa kuangalia sheria za nchi mbili. Unguja na Pemba hali ya utumwa ilifutwa kisheria kwa amri ya mwaka 1897, ingawa mtumwa alipaswa aende mwenyewe kudai. Bara, chini ya Wadachi, haikufutwa kabisa hata Waingereza walipotunga sheria yao mwaka 1922. Basi kijana wa Pemba asidhani kwamba Yusuf alikuwa na mahakama ya kukimbilia.

Katika bustani ya Aziz yumo mzee mmoja mtunza miti, Hamdani, ambaye zamani alipewa uhuru na bibi wa nyumba akaukataa. Wanafunzi walimwona mjinga. Kisha wakayasoma maneno yake, ambayo maana yake ni kwamba bibi hakuwa na kitu hicho cha kumpa, kwani hakupata kukichukua. Tumeona walimu wakimfanya mzee huyu kuwa ndiye sauti ya mwandishi, na kusema kwamba hapa ndipo penye fundisho la kitabu. Sisi hatukubali. Yusuf amsikia mzee, amheshimu, na hawezi kuishi kama yeye. Uhuru wa moyoni wafaa kwa mtu aliyekwisha zeeka karibu na kisima na miti yake. Kijana ana miaka yote mbele.

Twaja kwenye jambo ambalo hasa lawahusu wasomaji wa kurasa hizi. Kila padre na kila mwalimu wa misheni asomapo jina Yusuf, na kuona kijana mzuri wa sura, aliyetengwa na nyumba ya baba, akaota ndoto, akatamaniwa na mke wa bwana wake, mara moja hukumbuka Kitabu cha Mwanzo, mlango wa 37 na wa 39. Sisi pia tulifanya hivyo, tukaandaa somo letu juu ya Mwanzo, tukakosea. Katika Mwanzo Yusufu huacha nguo yake mikononi mwa mwanamke akakimbia, na nguo hiyo ndiyo hutumiwa kumsingizia. Katika riwaya shati la Yusuf lapasuliwa kwa nyuma, na bwana wa nyumba mwenyewe ataja mpasuko huo kuwa ni ushahidi wa kijana. Hiyo si habari ya Mwanzo. Ni habari ya Sura ya 12 ya Kurani, ambamo shahidi asema: kanzu ikiwa imepasuka mbele, mwanamke ni mkweli; ikiwa imepasuka nyuma, yeye ni mwongo. Aliyetuonyesha haya ni kijana wa miaka kumi na sita, kwa adabu, akiomba kwanza ruhusa ya kusema. Kisha akaongeza ambalo hatukulifikiri: bwana wa yule mwanamke, ambaye Mwanzo humwita Potifa, katika Kurani hana jina ila cheo, na cheo hicho ni al-Aziz. Nalo jina la bibi wa riwaya, Zulekha, ndilo ambalo mapokeo ya Kiislamu yamempa mke huyo.

Basi mwalimu Mkristo afundishaye riwaya hii Pemba aingie darasani akijua kwamba wanafunzi wake wana nusu ya ufunguo, pengine zaidi ya nusu. Na hii si hasara. Baada ya siku ile tuliweka habari tatu ubaoni, ya Mwanzo, ya Kurani na ya Gurnah, tukazilinganisha hatua kwa hatua, na humo ndimo tulimoiona kazi ya mwandishi. Katika vitabu vyote viwili vitakatifu ndugu ndio wamtoao Yusuf, na baba hulia. Kurani yasema macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Katika riwaya hakuna ndugu. Baba mwenyewe ndiye amtoaye, na machozi tuyaonayo ni ya mama, nayo twayaona kabla Yusuf hajajua sababu yake. Katika vitabu vitakatifu ndoto hufasiriwa, na tafsiri yake humpandisha Yusuf hata penye ufalme wa Misri. Yusuf wa Kawa aota usiku mwingi, aota mbwa, aota hofu, na hakuna mtu wa kumfasiria. Katika Mwanzo, tena katika Kurani, jamaa hukutana mwisho. Katika riwaya Aziz humpa habari kwamba baba amekufa na mama ameondoka, haijulikani alikokwenda. Deni limekwisha, na hakuna wa kurudia. Mwandishi ameishika hadithi ambayo kila msikilizaji aijua kuwa ni ya ahadi, akaisimulia hatua kwa hatua, na kila hatua akaondoa ahadi yake. Mtu asiyeijua hadithi ya kwanza hawezi kuona kilichoondolewa. Kwa sababu hiyo twadhani darasa la Msuka laweza kukisoma kitabu hiki vizuri kuliko madarasa mengi ya Uingereza.

Hapa tuna neno la pembeni, na wasomaji watusamehe. Katika riwaya yumo Singasinga mmoja fundi wa magari, Kalasinga, rafiki wa Hamid, mtu wa mizaha, ambaye ajigamba kwamba ataitafsiri Kurani kwa Kiswahili ili watu wa nchi wasome wenyewe wanaloamini. Marafiki zake wamcheka: wewe hujui Kiarabu, wala Kiswahili chako hakijanyoka. Vijana nao walicheka. Tukawaambia kwamba tafsiri nzima ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili iliyopigwa chapa ilikuwa kazi ya padre, Canon Godfrey Dale wa misheni ya UMCA hapa Zanzibar, nayo ilitoka mwaka 1923. Kicheko kikageuka. Wengine walidhani twatania, na mmoja akauliza padre huyo alikuwa na nia gani, swali ambalo tulijibu kwa ufupi kuliko lilivyostahili.

Namna ya kusimulia ni jambo ambalo vitabu vya mafunzo hulitaja kwa mstari mmoja, na katika riwaya hii ndilo uti wa mgongo. Msimulizi si Yusuf, lakini karibu wakati wote hutazama kwa macho yake, wala hatuambii zaidi ya aonavyo kijana. Basi msomaji hukua pamoja naye. Tena mara nyingine humtangulia hatua moja, na hapo ndipo maumivu yalipo. Mama amkumbatia mwanawe wakati usio wa kawaida, naye aona haya tu, akitamani amwachilie. Msomaji amekwisha jua. Tuliacha maswali yetu yote ya zamani tukabaki na moja, tukiliuliza mwisho wa kila sura: Yusuf amejua nini leo ambacho jana hakukijua, na sisi tulikijua lini? Swali hili lafanya kazi ya maswali kumi. Binti mmoja, ambaye husema mara chache, alijibu kwamba Khalil alisema kweli juu ya deni, lakini aliisema mapema mno, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza tena kukaa na kweli hiyo peke yake. Baadaye akatuambia, si mbele ya wenziwe, kwamba yeye naye hukaa kwa ami yake tangu ana miaka saba, wala hajui kama aliletwa kulelewa au kutumika. Hatukuwa na jibu. Twaliandika jambo hili ili wenzetu wajue kitabu wanachokishika, maana katika kila darasa la visiwa hivi wamo watoto wa kulelewa, na kitabu hiki chawagusa bila kubisha hodi.

Sehemu ya katikati, ile ya msafara, ni ndefu, na kwa kweli twaiona ndefu kupita kiasi kwa hadithi ya kukua. Yusuf karibu apotee humo. Mnyapara Mohammed Abdalla, wapagazi, magonjwa, mahongo kwa watawala wa njiani, vyote vyasimuliwa vema. Lakini kijana mara nyingi huwa mtazamaji tu. Sababu yake labda ni hii, kwamba mwandishi hapo anajenga juu ya msingi wa wengine. Habari za safari za bara zilipata kuandikwa na watu wa pwani wenyewe: Tippu Tip alisimulia maisha yake, na Carl Velten alipiga chapa mwaka 1901 Safari za Wasuaheli, ambamo imo safari ya Selemani bin Mwenye Chande, aliyepata misukosuko mikubwa kwa mtawala mmoja wa bara. Msomaji azijuaye habari hizo atautambua mji wa Chatu mara aingiapo. Hivyo mifupa ya sehemu hii ni ya Kiswahili, ikavikwa nyama ya Kiingereza, na sasa katika Peponi imerudi kwenye lugha ilikotoka. Kwa mtaalamu wa lugha hili ni jambo la kupendeza sana. Kwa kijana wa kidato cha tatu ni kurasa nyingi za jua na njaa, na mwalimu atafanya vizuri akizipitisha kwa kasi, asimame tu penye neno washenzi, ambalo watu wa msafara hulitamka kwa kila mtu wa bara. Mwandishi hakulikemea. Wavulana wawili walicheka lilipotajwa mara ya kwanza, na kijana ambaye babu yake alitoka bara hakucheka. Kuanzia siku ile darasa lilianza kuhesabu ni nani hulisema na ni nani husemwa, na walipofika kwa Chatu, ambaye ana malalamiko yake ya haki, kwa kuwa mfanyabiashara wa kabla yao alimdhulumu, walikuwa tayari kumsikiliza.

Jina la kitabu nalo si pambo. Neno la Kiingereza Paradise, ukilifuata nyuma kupita Kiyunani, lafika katika lugha ya kale ya Waajemi, na maana yake ya kwanza ni mahali palipozungukwa na ukuta. Ukuta umo ndani ya neno. Bustani ya Aziz ina ukuta, ina bwawa katikati na mifereji minne kama bustani iliyoahidiwa waumini, na katika miti yake vimetundikwa vioo, navyo humsaidia bibi aliyefungwa ndani kumwangalia kijana asiyejua kuwa anaangaliwa. Kiswahili hakikupokea ukuta huo. Chasema pepo, na pepo kwetu ni mahali pa raha, tena pepo ni yule apandaye kichwani mtu akagonjweka. Bibi Zulekha ni mgonjwa, naye aamini kwamba dua ya Yusuf na mkono wake utamponya. Basi jina Peponi lina kivuli ambacho jina la asili halina. Kama mfasiri alikikusudia au hakukikusudia, kimo, na wanafunzi wawili walikiona bila kuonyeshwa.

Lakini neno lililotufunza zaidi ni lile ambalo mwandishi aliliacha kwa Kiswahili. Khalil humwita Yusuf kifa urongo. Asomaye kwa Kiingereza tu atalichukua kuwa ni tusi la mtu goigoi, aliye kama maiti angali hai, nasi tulilieleza hivyo. Darasa likatutazama kwa huruma. Siku ya pili mmoja wao alileta mezani mche mdogo wenye miiba, uliong'olewa na mizizi yake kando ya njia, akaugusa kwa kidole. Majani yakajikunja yote, yakalala kama yaliyokauka. "Ndiyo kifaurongo hii, mwalimu," akasema, "ngoja kidogo." Tukangoja, tukiendelea na somo, na kabla ya kengele majani yalikuwa yamefunguka tena.

Kwa mche huo tulilazimika kusoma upya tabia yote ya Yusuf. Tulikuwa tumewafundisha kwamba ni mhusika baridi, asiyetenda, atendewaye. Na vitabu vya mafunzo hupenda maneno hayo. Lakini kifaurongo haikufa. Hujikunja kwa kuguswa, nayo hufunguka mkono uondokapo. Tazama sasa jinsi kila mtu amguse Yusuf: Aziz kwa sarafu, Khalil kwa makofi ya upendo, bibi kwa kutaka uponyaji, Chatu kwa kumweka mateka. Kijana hujikunja. Akiwa peke yake bustanini, pamoja na miti na yule mzee, hufunguka, hufanya kazi kwa furaha. Mwishoni ampenda Amina, ambaye watu humdhani ndugu wa Khalil, kumbe ni binti aliyeokolewa kutoka kwa wezi wa watu akalelewa nao, kisha akatolewa kwa deni lile lile na sasa ni mke wa Aziz. Amwambia waondoke pamoja. Hilo ni tendo la kwanza ambalo hakuna mtu aliyemwamuru.

Nao mwisho ni huu. Vita ya 1914 imekaribia. Askari wa Wadachi, weusi, chini ya bwana wao mzungu, wapita wakikamata watu wa kuchukua mizigo. Yusuf na Khalil wajificha. Askari wakisha kwenda, Yusuf aona mahali walipolala, na mbwa wakila uchafu walioacha. Asimama akitazama. Kisha asikia nyuma yake sauti kama ya milango ya bustani ikifungwa, naye akimbia, si kurudi, bali kuifuata safu ya askari.

Walimu tuliopata kuzungumza nao wamegawanyika. Wengine husema ni mwoga, amemwacha Amina. Wengine husema amejikomboa. Zamani sisi tulikuwa wa kundi la kwanza, tukamlinganisha na Njoroge wa Weep Not, Child ya Ngugi wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1964 na isomwayo sana mashuleni. Maana Njoroge naye, ndoto yake ya elimu ikisha kuvunjika, hukaribia kujiua, na sauti ya mama yake humrudisha nyumbani, naye hujiita mwoga. Lakini mfano huo haushiki. Njoroge ana mama wa kumwita. Nyuma ya Yusuf hakuna sauti ya mtu, kuna milango tu. Wala hatuwezi kukubaliana na kundi la pili, kwa kuwa yule amwendeaye askari wa mwaka 1914 amekwenda kwa bwana mwingine, mkatili kuliko wa kwanza, na mwandishi ameweka mbwa wale pale ili tusisahau. Twaona kwamba Yusuf amejiona mwenyewe katika mbwa wale, mwenye kula makombo ya wenye nguvu na kushukuru. Na kujiona hivyo ndiko kukua kwake, hata kama njia aliyoishika baadaye ni mbaya. Kitabu hakikumpa njia njema ya kuichagua. Nchi yenyewe haikuwa nayo.

Kasoro tutaitaja, na ni kubwa. Amina amepewa nafasi ndogo mno. Hutokea kitabu kikielekea kwisha, husimulia maisha yake kwa maneno machache yenye uchungu na akili, hata msomaji hutaka kitabu kianze upya kwake, kisha huachwa nyuma ya ukuta, na mwandishi haangalii tena. Mmoja aweza kusema kwamba Yusuf ndiye asiyeangalia, si mwandishi; nasi tulisema hivyo darasani kumtetea. Yule binti akaaye kwa ami yake hakuridhika. Akauliza: milango iliposikika ikifungwa, nani aliifunga, na alikuwa upande gani?

Tuliwapa swali hilo waliandikie insha badala ya lile tulilokuwa tumeliandaa. Insha kumi na saba zimekwisha kuja, mbili kwa Kiswahili ingawa tulitaka Kiingereza, nazo hatukuzirudisha. Ya kumi na nane mwenyewe asema bado anaisoma sura ya mwisho. Muhula ujao tutaanza kitabu upya na kundi jingine, na mara hii tutaanzia kwenye furushi.